TEMBO NI WA NANI?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kama tatu hivi. Mlioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, hapana jamani, nipo. Nilikwenda Rombo kikazi, nikarudi Moshi na habari ndefu, habari ikatoka gazetini ikiwa na aya nne. Aya nne! Sina ugomvi na mhariri wangu. Nafasi ilikuwa ndogo, na siku hiyo kulikuwa na mkubwa fulani anazindua kitu fulani. Lakini huku kwangu hakuna mkubwa anayezindua kitu, kwa hiyo chukua chai yako, leo tutakaa kidogo.

Habari yenyewe gazetini ilisomeka hivi: tembo wameharibu mashamba ya wakulima katika ukanda wa chini wa Rombo, wananchi wameiomba Serikali iwasaidie, afisa amesema suala hilo linashughulikiwa. Basi. Ukiichukua habari hiyo ukabadilisha jina la wilaya, ukaweka Mwanga, Same, Siha, Longido, Bunda au Tunduru, unaweza kuichapa kila mwaka bila kugusa neno jingine. Nashuku tunafanya hivyo.

Kilichokatwa ni swali moja lililoulizwa na mzee mmoja, na ndilo linaloninyima usingizi.

Tulikuwa tumekaa nje ya ofisi ya kijiji, kijiji kimoja cha kule chini upande wa Ziwa Chala. Watu kama 40, wengi wakiwa kina mama. Afisa wa wanyamapori kutoka wilayani, kijana mpole tu wa rika langu, alikuwa anaeleza mambo ya fomu: nani anajaza, nani anasaini, bwana shamba anakuja lini kupima. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu (kule chini ni joto, lakini wazee wetu kofia hawavui) akasimama taratibu akiegemea fimbo yake.

"Kijana wangu, nikuulize. Huyu tembo ni wa nani?"

"Ni mali ya umma, mzee wangu. Ni wetu sote."

"Ahaa. Ni wetu sote. Sasa mbona mahindi aliyokula ni yangu peke yangu?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akatazama chini. Mimi pia nikacheka, nikaandika kwenye daftari kama utani mzuri wa kufungulia habari. Ilikuwa usiku wa siku hiyo, nikiwa juu ya dungu, ndipo nilipotambua kwamba mzee hakuwa anatania hata kidogo.

Kwa asiyeijua milima yetu, nieleze. Mchagga ana mashamba ya aina mbili. Juu kuna kihamba: migomba, kahawa, ng'ombe wawili watatu wa ndani, makaburi ya babu. Chini, tambarare, kuna shamba lenyewe la mahindi na maharage. Kihamba ni cha ukoo, na kila kizazi kinakigawa. Babu alikuwa na ekari 4, baba akapata 2, wewe na kaka zako mnagawana 2 hizo, na mwanao atapata sehemu ya kujenga choo. Kwa hiyo chakula cha mwaka kinatoka chini. Kina mama wanashuka alfajiri na jembe begani, jioni wanapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Waliokosa kihamba kabisa wamehamia huko huko chini. Na huko chini, upande wa mashariki, kuna mpaka wa Kenya, na ng'ambo ya mpaka kuna Tsavo. Tembo hajui mpaka wa Kenya na Tanzania. Hana pasi ya kusafiria, hasimami Holili kugongewa muhuri.

Niliomba kulala na walinzi. Dungu lenyewe ni jukwaa la miti na paa la nyasi, kama mita tatu juu ya ardhi. Tulikuwa watatu, mimi na vijana wawili wa kidato cha pili ambao asubuhi walitakiwa kuwa darasani. Silaha zetu: debe la mafuta ya kula, tochi mbili, na kopo la pilipili kavu iliyochanganywa na kinyesi cha tembo, inayofukizwa upande upepo unakotoka. Askari wenye mabomu baridi walikuwepo, ila gari ni moja na vijiji ni vingi. Ukipiga simu usiku unaambiwa wako kijiji kingine, na si uongo, kweli wako kijiji kingine. Siku hizi kuna na zile ndege nyuki za kuwafukuza tembo kutoka juu. Wanakijiji wanazisifu. Shida ni ile ile, ni lazima iwepo mahali ulipo tembo, na usiku huo haikuwepo.

Saa 9 usiku nikasikia mlio kama wa mtu anayevunja miwa taratibu. Kah! Kah! Nikadhani ni jirani. Kijana mmoja akanigusa bega akaninong'oneza: "Kaka, usiwashe simu." Wewe unayesoma haya ukiwa mjini, umewahi kumwona tembo kwenye picha au ukiwa ndani ya gari la watalii. Nakuambia, tembo wa usiku ni kitu kingine. Huoni kitu. Unasikia anavyopumua, unasikia tumbo linavyonguruma, na unafikiria jukwaa lako la miti. Wale watoto walipiga debe, wakapiga kelele, wakamulika. Tembo wakaondoka kwenda shamba la pili. Wale wa shamba la pili wakapiga debe, tembo wakaenda la tatu. Ndivyo ulinzi unavyokwenda, kila mmoja anamfukuzia mwenzake.

Shamba la tatu lilikuwa la mama mmoja mjane. Nililiona asubuhi. Ekari 2 za mahindi yaliyokuwa yamebakiza wiki chache kuvunwa. Tembo mmoja mkubwa anaweza kula kilo 150 kwa siku, lakini anachokula ni kidogo kuliko anachokanyaga. Mahindi yalikuwa yamelala chini kama mkeka. Mama yule hakulia. Alikuwa anaokota magunzi yaliyobaki na punje, anaweka kwenye beseni. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia: "Mwanangu, umekuja kupiga picha? Piga tu. Mwaka juzi walipiga pia."

Sikupiga. Baadaye mhariri alinilaumu kwamba habari haikuwa na picha.

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Tembo ni wa nani?

Afisa alijibu sawasawa kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote wa nchi hii ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Mwenye mali anajulikana kabisa. Ukimuua tembo huyo, mwenye mali anajitokeza mara moja, na bunduki na pingu na hakimu. Kifungo chake si cha mchezo. Ukiingiza ng'ombe wako ndani ya hifadhi ya taifa, mwenye mali anajitokeza pia: ng'ombe wanakamatwa, unapigwa faini, na mara nyingi tumesoma habari za mifugo iliyotaifishwa kwa amri ya mahakama na kupigwa mnada. Haya. Lakini mali hiyo ikitoka yenyewe hifadhini ikaingia shambani kwa mama mjane, ghafla mwenye mali haonekani. Jambo linabadilishwa jina. Haliitwi tena uharibifu wa mali, linaitwa "migongano baina ya binadamu na wanyamapori." Migongano! Kama vile yule mama na tembo walikuwa wanakimbia kila mmoja na njia yake wakagongana kona.

Kijijini tuna sheria yetu ya siku zote, na kila mtoto anaijua. Mbuzi wako akila mahindi ya jirani, unamlipa jirani. Ng'ombe wa mfugaji akiingia shambani, wanapelekwa kwa mtendaji, wanakaa pale mpaka mwenye ng'ombe aje alipe. Hakuna anayemwambia mkulima "pole, hii ni migongano baina ya binadamu na ng'ombe." Na hakuna anayesema ng'ombe auawe. Tunachotaka ni mwenye mali alipe.

Serikali hailipi fidia. Sikilizeni vizuri, maana neno lenyewe lilichaguliwa kwa makusudi. Inatoa "kifuta jasho" kwa mazao na mifugo, na "kifuta machozi" kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Fidia ni haki yako, unaweza kuidai mahakamani. Kifuta jasho ni hisani, ni kama mtu kukupa leso. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka viwango: mtu akiuawa na mnyama mkali, familia yake Sh 1,000,000. Mazao, kuanzia Sh 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kutegemea umbali wa shamba kutoka hifadhini, na mwisho ni ekari 5, hata kama umepoteza 10. Viwango hivyo vilidumu zaidi ya miaka 10 huku bei ya mbolea ikipanda kila msimu.

Piga hesabu na mimi. Tuseme ekari ya kule chini, mvua ikiwa ya wastani, inatoa magunia 8. Tuseme gunia ni Sh 60,000, bei ya chini kabisa, ya wakati wa mavuno. Hiyo ni Sh 480,000 kwa ekari, bila kuhesabu maharage yaliyopandwa katikati. Kwa kanuni zile, yule mama akipewa kiwango cha juu kabisa anapata chini ya robo. Hata ukizidisha mara mbili bado hajafika nusu. Na anapata lini? Fomu inatoka kijijini inakwenda wilayani, ya wilayani inakwenda wizarani Dodoma. Mama hali Dodoma. Mama anakula mwezi huu.

Lakini kilichonikera kuliko vyote katika kanuni hizo ni zile mita 500. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikustahili hata senti. Mantiki yake naielewa: usiende kulima mlangoni kwa tembo halafu udai hela. Sawa. Kama mtu ameihamia hifadhi, alaumiwe. Ila hapa kwetu Kilimanjaro nani alimhamia nani?

Historia kidogo, vumilieni. Mlima huu ulizungukwa na vihamba kabla hajafika Mjerumani. Mwaka 1921 Waingereza wakautangaza msitu wake kuwa hifadhi ya msitu. Watu wakabanwa, hivyo mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili, ambao mpaka leo wazee wanauita hivyo hivyo "nusu maili", ili wananchi wapate kuni, majani na mbao kwa utaratibu. Hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 1973 ilikuwa juu kabisa, kule kwenye ubaridi ambako hakuna mtu wala mgomba. Halafu mwaka 2005 msitu wote, pamoja na nusu maili, ukaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Kwa hiyo mpaka wa hifadhi ulishuka. Ulishuka mlima kwa miguu yake ukaja kusimama kwenye uzio wa kihamba cha watu. Baada ya miaka 6 zikaja kanuni zinazosema aliye karibu na mpaka shauri yake. Mtu amezaliwa pale, baba yake amezikwa pale, anaambiwa yuko karibu mno na mpaka!

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa shoroba za tembo zimezibwa na watu. Ni kweli, na sitaki kuwa mwandishi wa upande mmoja. Zamani tembo wa Kilimanjaro walikuwa na njia nyingi za kutoka na kuingia mlimani. Leo njia ya maana iliyobaki ni ushoroba wa Kitendeni, kule kaskazini magharibi, unaounganisha msitu wa mlima na nyika za Amboseli ng'ambo ya mpaka. Nao unabanwa na mashamba pande zote. Nimeuona. Ukisimama Kamwanga ukatazama, unaona viazi, mahindi, nyumba za bati, na katikati ya hayo mahali ambapo tembo anatakiwa apite bila kugusa chochote. Hata mtu mstaarabu hawezi.

Lakini nani alizigawa ardhi hizo? Mashamba makubwa ya Kilimanjaro Magharibi walianza walowezi. Baada ya Uhuru yakawa ya mashirika ya umma. Vijiji vya tambarare vingi vilipimwa na kuandikishwa na Serikali hiyo hiyo, hasa baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walipewa namba ya kijiji, shule, zahanati, na kituo cha kupigia kura. Huwezi kumpa mtu kituo cha kupigia kura halafu miaka 40 baadaye umwite mvamizi wa ushoroba. Kama Serikali inautaka ushoroba (na mimi nautaka pia, nasema wazi, bila Kitendeni tembo wa mlimani watabaki kama wafungwa), basi iununue kwa bei ambayo mtu anaweza kuhamia nayo mahali pengine.

Tuvuke mpaka kidogo. Kenya ilipitisha sheria yake ya wanyamapori mwaka 2013, nayo ikaandika fidia kwa jina lake. Mtu akiuawa, shilingi milioni 5 za Kenya. Kwa kubadilisha fedha leo ni zaidi ya Sh milioni 90 za kwetu. Fikiria basi tembo mmoja wa Tsavo, yule yule. Akimuua mtu Taveta, sheria inataja milioni 5 za Kenya. Akitembea usiku mmoja akamuua mtu Rombo, kanuni za 2011 zilitaja milioni 1 ya Tanzania. Mimi hesabu sikufaulu vizuri, lakini hii hata mimi naiona.

Msinielewe vibaya, sisemi Kenya ni peponi. Wenzetu waliandika kiasi kikubwa halafu wakashindwa kukilipa. Madai yamelundikana mpaka mabilioni, na kuna familia zimesubiri miaka na miaka. Sheria nzuri isiyo na mfuko ni ahadi ya mlevi. Hata hivyo mjane wa Taveta ana kitu cha kudai. Anaweza kusema "mnanidai... la, nawadai." Mjane wa Rombo anaomba.

Mnakumbuka kelele za mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024? Tembo madume wakubwa wa Amboseli, wale wenye meno yanayokaribia kugusa ardhi, walivuka kuja upande wetu wa Enduimet, wakapigwa risasi na wawindaji wa kitalii wenye vibali. Dunia nzima ililia. Wanasayansi waliandika barua, magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika kurasa nzima, kukawa na sahihi za kupinga kutoka kila bara. Tembo wale wana majina, wana historia zilizoandikwa tangu utafiti wa Amboseli uanze mwaka 1972, mama yao anajulikana na bibi yao anajulikana. Nami niliumia, tembo wa namna ile wamebaki wachache sana. Lakini nilijiuliza: kuna mtu kule Ulaya anayejua jina la mkulima mmoja, mmoja tu, wa Kamwanga au Ngarenairobi aliyekanyagwa akitoka kulinda mahindi?

Na Wazungu wenyewe wakiguswa kwao, mambo hubadilika. Kaskazini mwa Italia, katika jimbo la Trentino, dubu walikuwa wamekaribia kwisha, wakaletwa wengine kutoka Slovenia kuanzia 1999. Wakazaana vizuri. Jimbo lile linalipa fidia mfugaji akiuliwa kondoo au mfuga nyuki akivunjiwa mizinga. Pamoja na hayo, mwezi Aprili 2023 dubu alipomuua kijana aliyekuwa anakimbia mazoezi mlimani, nchi nzima ilitikisika. Viongozi wakataka dubu auawe, watetezi wa wanyama wakaenda mahakamani kumtetea. Japani nako mwaka 2025 dubu waliua watu zaidi ya 10, mpaka Serikali ikapeleka wanajeshi mkoani Akita kusaidia. Wanajeshi! Sisi tunaambiwa tufukize pilipili. Simlaumu Mjapani. Nasema tu kwamba kumbe inawezekana kabisa mtu kupenda wanyama na kukataa watu wake wauawe, wala hakuna anayemwambia yeye ni adui wa uhifadhi.

Maana ndiyo lugha inayotumika hapa ukiuliza. Unaitwa adui wa uhifadhi, adui wa utalii. Mimi! Nimekulia Moshi, nusu ya vijana wa mtaani kwetu ni wapagazi na waongozaji wa mlimani, Chuo cha Wanyamapori Mweka kiko hapo juu, kimefundisha wahifadhi wa Afrika nzima tangu 1963. Tunakula kwa sababu ya mlima huu na wanyama hawa. Mtalii mmoja anayepanda siku 6 analipa hifadhini mamia ya dola kwa viingilio na kambi peke yake. Ninachouliza ni kwa nini faida ya tembo inakwenda mfuko mkuu na hasara yake inabaki Rombo.

Kuna vitu vinafanya kazi, nisije nikaonekana wa kulalamika tu. Ng'ambo kule Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na huyo mkubwa wa porini anakimbia nyuki kama mimi na wewe. Utafiti wa miaka 9 uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha uzio huo uliwazuia tembo zaidi ya mara 8 katika kila 10 msimu wa mazao ulipopamba moto. Na asali unauza. Ukame ukizidi, nyuki wanahama na uzio unabaki wa mapambo, hilo nalo limesemwa. Upande wetu wa Enduimet vikundi vya vijiji vimepewa tochi kali, honi na fataki za pilipili, na vijana wanapokezana zamu. Wanaolinda pamoja hawafukuziani tembo kama tulivyofanya sisi usiku ule.

Serikali pia ilikuwa na mkakati wake wa taifa wa kusimamia migongano hiyo, wa mwaka 2020 hadi 2024. Karatasi ni nzuri. Lakini uzio wa nyuki unahitaji mtaji, na mtaji unahitaji mtu ambaye hasara ya tembo inamuuma mfukoni. Hapo ndipo swali la mzee linaponirudia. Siku ambayo kila ekari iliyokanyagwa itamgharimu mwenye tembo bei kamili ya soko, mtashangaa jinsi mizinga, magari na ndege nyuki vitakavyopatikana haraka. Kwa sasa kufukuza tembo ni gharama, na kuwaacha wale ni bure. Bure kwa mwenye tembo, namaanisha.

Wapo watakaosema wakulima watadanganya, watapandisha ekari, watasema tembo kumbe ni nguruwe. Baadhi watadanganya, ndiyo. Hata bima ya magari watu wanadanganya na hatujaifuta. Kila kijiji kina mwenyekiti, kina bwana shamba, siku hizi kina vijana wenye simu za kupiga picha na kuonyesha mahali. Nyayo za tembo ni kubwa kama sinia. Hazifichiki, wala hazifanani na za nguruwe.

Wiki iliyopita nilimpigia simu yule mama kumwambia habari imetoka. Sikumwambia ni aya nne. Akanishukuru, "aika mwanangu," akauliza kama gazeti linafika Dodoma. Nikamwambia linafika. Akasema vizuri, basi wataona. Halafu nikampigia yule afisa kijana kuulizia fomu. Alinijibu kwa adabu kwamba fomu za kijiji kile zimeshapelekwa na ziko kwenye mchakato. Nikamuuliza, nje ya kazi, swali la mzee analikumbuka? Akanyamaza kidogo. Akasema baba yake mwenyewe analima Same, karibu na Mkomazi, na tembo wamepita kwake mara mbili.

Mama anasema msimu huu atapanda nusu ekari tu, ile iliyo karibu na nyumba, asikie wakija.